Kereng'ende na papa goblini, nani mwindaji zaidi?

mkorosho_mtwara: Habari wakuu, huku kwetu mvua zikianza kereng'ende wanajaa kila kona, sasa dogo wangu wa form two kaniuliza kati ya kereng'ende na yule papa wa kilindini anaitwa goblini nani anawinda vizuri, nikamwambia papa, ana mita tatu mpaka nne yule, dogo kagoma kabisa. Mnasemaje?

kusini_kwetu: Dogo ana hoja mkuu. Kereng'ende akimfukuza mdudu hewani hamkosi kirahisi, kwenye majaribio anapata zaidi ya mara 90 katika 100, maana hamfuati kwa nyuma, anapiga hesabu mdudu ataenda wapi anamkatia njia hukohuko. Goblini hana mbio, misuli yake laini, ila taya sasa! Zinachomoka zote mbili mbele, Wajapani walipima kwenye video wakachapisha 2016, mita 3.1 kwa sekunde, papa wengine hawafiki huko.

mwl_lindi: Jamani anayefanana na goblini ni mtoto wa kereng'ende, yule anayeishi majini! Mdomo wake wa chini unakaa umekunjwa chini ya kichwa, kiluwiluwi akisogea tu unafyatuka unamnyaka, hata kope hujapepesa. Zamani ilidhaniwa ni msukumo wa maji mwilini, 2021 watafiti wakaonyesha kuna nguvu inawekwa akiba kwenye mdomo wenyewe kama manati. Goblini anarusha taya ya juu na ya chini, huyu mdomo wa chini peke yake. Hawana undugu wowote, ila wote wanavizia, na mimi hapo ndo napopapenda kuliko pote kwenye somo hili.

mkorosho_mtwara: Aisee shikamoo mwalimu. Na huyo goblini bahari yetu yupo?

msanga_mkuu: Afrika Kusini amewahi kuvuliwa, anakaa mita mia kadhaa chini, nyavu zetu huku hazifiki. Ila usidharau kilindi chetu, 2003 wavuvi wa Songo Mnara kule Kilwa walipata silikanti, samaki ambaye mpaka 1938 dunia ilijua alishatoweka toka enzi za dinosaria.

mwl_lindi: Marahaba mkorosho. Mvua zikikolea chota maji ya dimbwi lililokaa kama wiki tatu, mimina kwenye beseni jeupe, tia viluwiluwi, ukae na dogo mtazame. Usichelewe, wale wa njano wanaokuja na mvua, wanaoaminika wanavuka bahari na upepo kutoka India, watoto wao wanakua chapuchapu, mwezi na kidogo tu wengine washaota mbawa.

mkorosho_mtwara: Beseni lipo, nasubiri mvua.