Redio ya intaneti ya mzee asiyeona: inakatakata, na umeme ukizimika haiamki

Binti wa Mzee

Habari zenu wakuu. Nitaeleza kwa kirefu ili msipate taabu ya kuniuliza vipande vipande.

Baba yangu ana miaka 78 na haoni kabisa. Simu ya kugusa imemshinda, kila akiipapasa anafungua kitu asichokitaka. Redio ndiyo mwenzake tangu ujana wake, ila stesheni anazozipenda siku hizi zinasikika vizuri kwenye intaneti tu. Nikachukua boksi la mbao la redio yake ya zamani, nikatoa vyote vya ndani, nikabakiza spika ya omu 4 na vile vitufe viwili vya mbele vya kuzungusha, kwa sababu vidole vyake vinavijua. Ndani nimeweka Raspberry Pi 3 B+, kompyuta ndogo ya bodi moja. Tundu lake la hedifoni lina mvumo unaosikika hata pasipo na kitu kinachocheza, kwa hiyo nimelikwepa. Nimeunganisha kipande cha amplifaya chenye chipu ya MAX98357A kwenye GPIO (miguu ya bodi ya kuunganishia vifaa) 18, 19 na 21, na kwenye faili la mipangilio, config.txt, nikaandika dtoverlay=hifiberry-dac. Anayecheza ni MPD, programu ya kucheza muziki. Kitufe cha kushoto ni sauti, cha kulia ni stesheni. Kioo sikuweka.

Siku ya kwanza alikaa nayo mpaka usiku wa manane. Lakini sasa akipandisha sauti, besi ikipiga tu inakatakata, na mara mbili imejizima ikawaka upya. Kuna wakati inanyamaza baada ya saa kadhaa na hairudi mpaka nije mimi. Halafu juzi umeme ulikatika, uliporudi haikuwaka. Kadi ya SD ilikuwa imeharibika na ikabidi niiandike upya kuanzia mwanzo.

Nashinda kazini kutwa. Ikinyamaza saa tatu asubuhi, anakaa na boksi lililo kimya mpaka jioni. Hilo ndilo linaloniuma. Nianzie wapi? Chaja ninayotumia ni ya simu, volti 5, ampea 1.

Fundi Waya

Dada, hongera kwa kazi. Anzia kwenye hiyo chaja kabla ya kugusa programu. Pandisha sauti mpaka ianze kukatakata, kisha andika hii na utuletee jibu:

vcgencmd get_throttled

Binti wa Mzee

Imetoa throttled=0x50005.

Fundi Waya

Basi mgonjwa tumemjua. Ile 5 ya mwisho inasema kwamba wakati huohuo ulipouliza, volti zilikuwa chini ya kiwango, na bodi imejipunguzia kasi ili isife. Ile 5 ya mbele inasema hali hiyo imewahi kutokea tangu ilipowashwa. Bodi hii huanza kulalamika volti zikishuka hadi 4.63 hivi. Chaja yako ya ampea 1 inabeba bodi, Wi-Fi na amplifaya kwa pamoja. Besi inapopiga, amplifaya inavuta kwa mkupuo, volti zinaanguka, na inayoumia ni kompyuta.

Tafuta adapta ya volti 5 ampea 2.5 au zaidi. Waya nao uwe mfupi na mnene. Watu wengi hununua adapta nzuri kisha wakaiunganisha kwa waya mrefu mwembamba, na volti zikaishia njiani. Pia lehemu kapasita ya mikrofaradi 1000 kati ya 5V na GND (upande wa hasi) palepale kwenye amplifaya, ukiangalia upande wa hasi usiugeuze. Hiyo itabeba mikupuo ya besi. Ukimaliza, zima, washa upya, piga muziki kwa nguvu nusu saa, uliza tena. Usiridhike mpaka uone 0x0. Ukiona 0x50000 jua bado ilianguka mahali fulani katikati.

Kunyamaza ni jambo lingine. Mtiririko ukikatika upande wa stesheni au wa Wi-Fi, MPD inafika mwisho wa orodha na kusimama. Haimjui mzee. Mwekee mlinzi, yaani kijiprogramu kinachojiwasha na mfumo (mpc ni amri ya kuiendesha MPD):

while true; do mpc status | grep -q playing || mpc play; sleep 10; done

Na uzime usingizi wa Wi-Fi: sudo iw dev wlan0 set power_save off. Amri hii husahaulika bodi ikizimwa, kwa hiyo iweke nayo kwenye yale yanayojiwasha.

Kuhusu kadi: ifunge isiandikwe. Ingia raspi-config, Performance Options, Overlay File System. Kila kinachoandikwa kitakaa kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) na kupotea ukizima, na kadi yenyewe haitaguswa. Umeme ukikatika mara kumi kwa siku, itaamka ileile.

Mpenda Redio

Yote ya Fundi nakubaliana nayo. Mimi nina neno kuhusu kitufe cha kulia. Umesema kinazunguka, kama ni kile kinachozunguka bila kikomo, mzee hajui yuko wapi. Kwa mtu anayeona kinatosha, kwa asiyeona ni mateso. Weka swichi ya kuzungusha yenye vituo 12, ile inayogonga na kugota pande zote mbili. Mguu wa katikati unaenda GND, miguu 12 kila mmoja kwenye GPIO yake, usiguse 18, 19 na 21 kwa sababu ndizo njia ya sauti. Akirudisha mpaka mwisho kushoto anajua yuko namba moja, na kutoka pale anahesabu vituo kwa vidole. Nilimtengenezea shangazi yangu hivyo na hakunipigia simu kuuliza chochote.

Pia rekodi jina la kila stesheni kwa sauti yako, uliweke mbele ya anwani kwenye orodha. Swichi ikifika kituo cha saba: mpc clear, mpc add faili la jina, mpc add anwani, mpc play. Na mtiririko ukikatika, mlinzi wa Fundi ataanza tena na jina, kwa hiyo mzee atajua kwamba imerudi yenyewe.

Binti wa Mzee

Narudi baada ya miezi miwili na nusu, samahani kwa kimya.

Adapta, waya na kapasita vilimaliza kukatakata siku hiyohiyo. 0x0. Mlinzi anafanya kazi. Swichi ya vituo 12 ameipenda kuliko vyote, anaipitisha yote kila asubuhi kabla ya chai.

Ila limezuka jipya. Umeme ukikatika na kurudi, redio inaamka vizuri, lakini stesheni tatu zinagoma dakika ya kwanza au mbili kisha zinakubali. Zile nyingine tisa zinacheza mara moja. Mwanzoni, nilipofunga kadi, halikuwepo.

Fundi Waya

Hizo tatu anwani zake zinaanza na https, sivyo? Na hizo tisa http tupu?

Binti wa Mzee

Nimeangalia. Ndivyo hasa.

Fundi Waya

Hilo nilipaswa kukwambia mapema. Bodi hii haina saa yenye betri. Ikiwaka huanza na muda wa mwisho iliouhifadhi, kisha inauliza saa sahihi kwenye intaneti. Sasa kadi umeifunga, kwa hiyo muda wa mwisho uliohifadhiwa ni wa siku ulipoifunga. Kila ikiamka inadhani bado ni siku ile. Stesheni za https zina cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza, na kama kimefanywa upya baada ya siku ile, bodi inakiona ni cha kesho na inakikataa. Saa ikishasahihishwa, inakikubali.

Fungua kadi, washa huduma ya systemd-time-wait-sync, na kwenye huduma inayoanzisha redio andika After=time-sync.target na Wants=time-sync.target. Kisha funga tena. Itachelewa kidogo kuimba, lakini itaanza na saa iliyo sawa.

Binti wa Mzee

Imekubali, Fundi. Nimeng'oa waya wa umeme mara sita jana usiku, mara zote zimeanza zote 12.

Itabidi niifungue tena kesho. Baba anasema namba saba nilitamka haraka mno, anataka nirekodi upya polepole.