Kuifunga simu yangu huwachukua dakika chache, kunitumia sasisho kumewashinda mwaka mzima

Ndugu zangu,

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, ingawa nitajitahidi kuyaeleza mambo kwa utaratibu, ili yeyote anayehusika asipate kisingizio cha kusema kwamba hakunielewa.

Mimi huuza nguo za watoto za mitumba katika soko la Kibuye, hapa Kisumu. Mwezi wa Mei 2024 nilichukua simu mpya katika duka moja la mjini kwa mpango wa kulipa polepole: shilingi 4,500 za kutangulia, kisha shilingi 80 kila siku kwa siku 365. Bei yake taslimu ilikuwa shilingi 22,000. Mimi nimeilipia 33,700. Silalamikii tofauti hiyo, kwa sababu nilihesabiwa nikakubali, na mtu anayeishi kwa mauzo ya siku hupata shilingi 80 lakini hapati 22,000 kwa mkupuo. Ninacholalamikia ni ahadi iliyonifanya niichague simu hiyo nikaziacha nyingine tatu zilizokuwa mezani. Bango la dukani lilisema, na tovuti ya mtengenezaji ilisema vilevile, kwamba simu inakuja na Android 13, itapokea matoleo mawili mapya ya mfumo, na italetewa masasisho ya usalama kwa miaka mitatu. Nilimuuliza muuzaji mara mbili kama hilo ni la hakika. Akanijibu, "Mama, hii ni kampuni kubwa, haiwezi kuandika uongo."

Sasa ni Oktoba 2025. Simu yangu ingali kwenye Android 13. Android 14 ilitoka Oktoba 2023, yaani hata kabla sijainunua, na tangu hapo zimetoka 15 na 16. Sasisho la mwisho nililopata lilifika Oktoba 2024, nalo lina tarehe ya usalama ya tarehe 5 Agosti 2024. Tangu siku hiyo sijaletewa chochote.

Kama lingekuwa suala la urembo wa kioo na rangi za alama ningenyamaza. Lakini sasisho hilo la mwisho liliniharibia simu. Tangu nililipokea, laini iliyo katika nafasi ya pili hupoteza mtandao bila ishara yoyote. Alama za mtandao hubaki zimejaa, lakini laini haipokei simu wala ujumbe mpaka uizime simu na kuiwasha tena. Mimi natumia laini mbili kwa sababu ya lazima. Moja ni ya biashara, na nyingine ni ya chama chetu cha akina mama kumi na wanane, ambacho mimi ni mweka hazina wake. Nikiiweka ya biashara katika nafasi ya pili, mteja wangu wa Luanda au Bondo anatuma pesa, mimi sipati ujumbe, furushi halipandi matatu ya asubuhi, naye ananiita mwizi. Nikizibadilisha, ni michango ya chama inayopotea machoni pangu, na siku ya mkutano nasimama mbele ya wenzangu nikieleza kwa nini daftari langu halilingani na simu zao. Pesa zenyewe hazipotei, ila uaminifu unapungua kila wiki, na uaminifu ndio mtaji wa mweka hazina.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba dawa ya ugonjwa huu ipo. Mtengenezaji mwenyewe alikiri kasoro hiyo katika maelezo ya toleo alilolitoa Januari 2025 kwa wanunuzi wa bara jingine, na akaandika waziwazi kwamba imerekebishwa. Ni simu ileile, yenye jina lilelile na chipu ileile. Kilicho tofauti ni herufi za eneo zinazofuata namba ya toleo. Wenye herufi zao waliponywa Januari. Sisi wenye herufi zetu tunaendelea kuzima na kuwasha.

Na kila ninapoingia kwenye mipangilio kuangalia, simu inaniambia: "Mfumo wako umesasishwa." Chini ya sentensi hiyo imeandikwa tarehe ya Agosti 2024. Naomba mnielewe hapa, maana hili si dogo. Mtu asiyejua kusoma ile tarehe ya chini, na wengi tulio nao sokoni hatukufundishwa na yeyote kuisoma, huamini kwamba simu yake iko salama, kwa sababu simu yenyewe imemwambia hivyo.

Nimekwenda kituo cha huduma mara nne. Mara ya kwanza waliniambia masasisho hutolewa kwa awamu, kwa hiyo nivute subira. Mara ya pili waliirudisha simu katika hali ya kiwandani, nikapoteza picha za bidhaa na mazungumzo ya wateja, na kasoro ikarudi siku ya tatu. Mara ya tatu kijana wa zamu alisema huenda situmii intaneti ya kutosha. Nilikuwa nimenunua bando la gigabaiti tano kwa kusudi hilo, nikaketi mbele yake nikabonyeza kitufe cha kutafuta sasisho huku akitazama. Mara ya nne, mwezi uliopita, nilimwuliza swali moja tu: "Mwanangu, litafika lini?" Akanijibu kwa upole, nami simlaumu yeye, "Mama, hata sisi hatuambiwi."

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Februari mwaka huu tulimzika binamu yangu kule Siaya. Kwa siku tatu sikulipa zile shilingi 80. Asubuhi ya siku ya nne, kabla hata sijaoga, simu ilikuwa imefungwa. Kioo kizima kilikuwa na maandishi ya deni langu na namba ya kulipia. Nilikuwa kijijini, mahali ambapo mtandao unapatikana ukisimama karibu na mwembe, lakini amri ya kunifungia ilinifikia. Nililipa kwa simu ya dada yangu, na maji ya chai yalikuwa hayajachemka simu ilipofunguka. Isitoshe, katika mwaka wote niliokuwa nalipa, ile programu ya kufunga ilisasishwa mara nne. Nilikuwa naona taarifa yake: toleo jipya limewekwa. Haikuhitaji nivute subira, haikusubiri awamu, wala haikuuliza kama niko Kisumu au Ulaya.

Najua nitajibiwa kwamba anayekopesha si anayetengeneza. Hilo halinitoshi. Programu hiyo ya kufunga haikuwekwa na muuza duka. Ilikuwa ndani ya simu tangu ilipotoka kwenye boksi, na fundi akiirudisha simu katika hali ya kiwandani, inarudi nayo. Mtengenezaji alikubali kumjengea mkopeshaji mlango ndani ya simu yangu. Alipopanga namna deni litakavyodaiwa, alifikiria kila kitu. Alipopanga namna kasoro zake zitakavyorekebishwa, alituacha nje. Wasituambie tena habari za umbali, mtandao hafifu au ugumu wa soko letu. Wanajua kunifikia. Wamekwisha kunifikia.

Kisingizio cha kitaalamu nacho nimekisoma, na ni haki nikieleze. Google huandika Android. Kampuni ya chipu, kwa mfano Qualcomm au MediaTek, huirekebisha ilingane na chipu yake. Mtengenezaji wa simu huongeza sura na programu zake. Katika baadhi ya nchi kampuni za mawasiliano nazo hupima. Ndipo sasisho hutumwa kwa watu wachache kwanza, kisha kwa wote. Mnyororo huo ni mrefu kweli. Lakini mwaka 2017, pamoja na Android 8, Google ilianzisha mpango wa Treble uliotenganisha sehemu inayogusa chipu na sehemu nyingine za mfumo, ili mtengenezaji asilazimike kuanza upya kila toleo linapotoka. Mwaka 2019, kwa Android 10, baadhi ya sehemu za mfumo zikaanza kusasishwa kupitia duka la Google moja kwa moja. Kuna pia Fairphone, kampuni ndogo ya Uholanzi, ambayo simu yake ya pili ilitoka 2015 na ikaendelea kupata masasisho hadi 2023, ingawa Qualcomm ilikuwa imekwisha kuacha kuihudumia chipu yake. Apple ilituma sasisho la usalama kwa iPhone 5s Januari 2023, simu iliyotoka 2013. Simu yangu ina mwaka mmoja na miezi mitano, na katika kesi yangu kazi ilikwisha kufanywa kwa ajili ya wengine. Kilichobaki ni kutuma.

Kuna wanaosema, na mume wangu alikuwa mmoja wao, kwamba maadamu simu inapiga na M-Pesa inafunguka, masasisho ni mambo ya vijana. Mwaka 2015 watafiti walifichua udhaifu katika Android ulioitwa Stagefright, ambao ulimwezesha mtu aliye na namba yako ya simu kukutumia ujumbe wa video na kuishambulia simu bila wewe kubonyeza chochote. Ni baada ya mshtuko huo ndipo Google ilipoanza, Agosti 2015, utaratibu wa kutoa kila mwezi taarifa za usalama na viraka, yaani marekebisho ya kuziba mianya. Taarifa hizo hutangazwa hadharani. Maana yake ni kwamba kiraka kikishatoka, kila mtu duniani, pamoja na wezi, anaweza kusoma ni mwanya gani ulikuwa wapi. Aliyewekewa kiraka yuko salama. Sisi ambao hatujawekewa tumeachwa na nyumba ambayo ramani ya nyufa zake imebandikwa barabarani, na ndani ya nyumba hiyo ndimo zilimo akiba za akina mama kumi na wanane.

Fundi mmoja wa Kondele, kijana mwenye nia njema, aliniambia anaweza kuiflashi simu, yaani kuufuta mfumo wake na kuiwekea toleo la lile bara jingine, kwa shilingi 1,500. Nilishawishika. Akanieleza pia, kwa uaminifu, kwamba dhamana itakufa, kwamba simu inaweza isiwake tena, na kwamba programu za benki huweza kukataa kufunguka zikigundua mfumo umeguswa. Kwa hiyo nimewekwa mahali ambapo nikisubiri napata hasara, na nikijisaidia nahesabiwa kuwa mvunjaji wa masharti.

Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na alichokinunua, haki ya kulindwa usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ipo tangu 2012. Mamlaka ya Mawasiliano huidhinisha aina za simu kabla ya kuuzwa humu nchini. Nauliza kwa nini idhini hiyo isimlazimishe mtengenezaji kuandika kwenye boksi, kwa Kiswahili, tarehe ambayo masasisho yatakoma, na kuadhibiwa asipoitimiza. Uingereza imewalazimisha kutangaza muda huo tangu Aprili 2024. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, unadai masasisho yapatikane kwa angalau miaka mitano baada ya simu ya mwisho ya aina hiyo kuuzwa. Samsung na Google zenyewe zimeahidi miaka saba kwa simu zao za bei ya juu, kuanzia Pixel 8 ya 2023 na Galaxy S24 ya 2024. Simu za bei ya chini, ambazo ndizo tunazozimudu huku kwetu na ndizo tunazowekea biashara zetu zote, zimeachwa ziishi kwa hisani ya mtengenezaji.

Nataka mambo matatu. Toleo lililorekebisha kasoro ya laini ya pili litumwe Kenya, na tarehe itajwe. Yale maneno "Mfumo wako umesasishwa" yaondolewe kwenye simu ambayo haijapata kiraka cha usalama kwa zaidi ya mwaka. Na wale walioharibikiwa na sasisho la Oktoba 2024 warekebishiwe simu zao bila malipo, hata kama dhamana imekwisha, kwa sababu kasoro iliingia dhamana ikiwa hai, na risiti za malalamiko yetu zipo.

Jumatatu napeleka barua kwa Mamlaka ya Ushindani, na nakala kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Sitaki ionekane ni kilio cha mama mmoja wa Kibuye. Wewe uliye na simu ambayo imekwama hivi, uwe Kisumu, Kakamega, Busia, Nakuru au kwingineko, fungua mipangilio, nenda kwenye sehemu ya kuhusu simu, utafute tarehe ya sasisho la usalama, kisha uniandikie hapa chini aina ya simu yako, mwezi ulioinunua, na tarehe hiyo. Usiandike namba yako ya simu wala jina lako kamili. Kama uliwahi kufungiwa kwa deni, andika pia ilichukua muda gani kufungwa na kufunguliwa. Nitayapanga majibu yote kwenye jedwali na kuyaambatanisha na barua. Nitasoma mpaka Jumapili usiku. Na kama hunipati kwa ujumbe, ujue laini imepotea tena, nijaribu baada ya nusu saa.