Nimerudi Windows 10, lakini nyinyi wa Windows 7 tuongee

Wasee, huu mjadala wa kurudi Windows ya zamani naona kila mtu anaongea ni kama mashine inamhusu yeye peke yake. Wacha niseme yangu.

Nilinunua HP EliteBook 840 G3 hapo Luthuli Avenue, Nairobi, eksi-UK (imetumika Uingereza kwanza), i5 ya kizazi cha sita, ikiwa na Windows 10. Nikajifanya mjanja nikamwambia fundi aniapgredie hadi Windows 11, na Microsoft walishasema 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane na chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0, lakini hawa mafundi wana njia zao za kuruka hiyo. Wiki mbili ikaenda poa, halafu feni ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga unga, ukifungua Excel unaenda kuweka chai jikoni na unarudi bado inazunguka. Kuangalia setingi nirudi nyuma, kitufe hakiko! Kumbe unapewa siku 10 tu za kurudi, zikipita folda ya Windows.old inafutwa. Ikabidi nitoe picha zote nianze upya na flashi.

Ati Windows 10 ilikufa 14 Oktoba 2025? Sapoti ya kawaida ndiyo iliisha, lakini mashine ya nyumbani ukiisajili na akaunti ya Microsoft unapata apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026. Hiyo inanitosha kwa saa hii.

Sasa nyinyi wa "turudi Windows 7, ni nyepesi". Apdeti zake ziliisha Januari 2020, na Chrome ya mwisho inayokubali huko ni 109, tangu Februari 2023 hakuna mpya. Kama ni ya kucheza karata kwako nyumbani, sawa, weka. Mimi shida yangu ni saiba, zile duka za kompyuta za kulipia. WannaCry ya Mei 2017 mnaikumbuka, ile virusi ya kufunga mafaili na kudai pesa? Dawa Microsoft walikuwa wametoa Machi, walioumia ni wale hawakuapdeti na wengi walikuwa na hiyo hiyo 7.

Najua mwenye saiba atasema anachaji shilingi 10 kwa ukurasa, mashine nne mpya atatoa wapi. Ni ukweli. Lakini si Linux, ule mfumo mwingine wa kuweka badala ya Windows, ni bure, na eCitizen ya huduma za serikali iko kwa brauza?

Juzi nimeingia saiba moja Kayole kuprinti, naona kile kitufe cha duara cha 7 pale kona ya chini, na kuna mama anafanyiwa ritani za kodi za KRA, anataja paswadi ya iTax, tovuti yao ya kodi, kwa sauti, herufi moja moja, sisi wote kwa foleni tunasikia. Nikamuuliza kijana mbona bado mko na hii kitu. "Boss, ona venye inafungua haraka." Na kusema kweli ilifungua haraka. Mama alienda zake, paswadi yake ikabaki pale mezani, imeandikwa na biro nyuma ya risiti.