Mnaotoa "mbadala" wa sabuni ya mashine ya vyombo, mmejaribu wenyewe au mnanakili tu?

Wakuu salaam. Naandika nina hasira na sitaificha. Jikoni kwangu hapa Chumbageni, Tanga, sakafu imekauka leo asubuhi baada ya siku mbili za kudeki. Mashine yangu ya kuoshea vyombo iko kwa fundi, imefunguliwa yote. Glasi 36 za kukodisha zimepata ukungu usiotoka, na sufuria la marehemu mama limegeuka jeusi. Chanzo ni maelekezo ya video za dakika moja za watu wanaojiita wajuzi wa mambo ya nyumbani.

Kwa wasionijua, mimi napikia shughuli na kukodisha vyombo: walima, hitima, maulidi, vikao vya harusi. Vyombo vinarudi usiku, mafuta ya pilau yameshaganda, na dada wawili ninaofanya nao kazi walikuwa wanainamia mabeseni mpaka saa nane za usiku. Ndiyo maana mwaka juzi, familia moja ya Raskazone ilipokuwa inahama ikauza vitu vyake, nikajikaza nikanunua ile mashine. Sikununua fahari. Nilinunua migongo ya wale dada.

Sabuni yake, vile vidonge, hapa mjini kuvipata ni shida. Huwa naagiza Dar vinakuja kwa basi. Wiki iliyopita mzigo haukufika, na Jumamosi nilikuwa na walima Mikanjuni. Nikatafuta mbadala mtandaoni. Wote wanaimba wimbo mmoja: sabuni ya maji ya kawaida, bekingi soda, chumvi, siki. "Vitu vyote unavyo jikoni." Nikafuata kama nilivyoelekezwa, kijiko kwa kijiko.

Dakika 10 hazikufika, povu likaanza kutoka chini ya mlango. Nikazima. Likaendelea kutoka, likafika kwenye gunia la mchele, likaingia chini ya friji.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana haya yalipaswa kusemwa na wale waliotoa maelekezo. Mashine hii haisugui. Ndani yake hakuna brashi wala dodoki. Inachofanya ni kurusha maji ya moto kwa nguvu kupitia zile panga zinazozunguka, na hayo maji yakigonga sahani ndiyo yanaondoa uchafu. Ndivyo ilivyo tangu Josephine Cochrane wa Marekani alipopata hataza ya mashine yake mwaka 1886, naye alianza kwa sababu sahani zake za thamani zilikuwa zinavunjwa pembe wakati wa kuoshwa kwa mkono. Ukitia povu, pampu inavuta hewa badala ya maji. Panga zinasimama, vyombo havioshwi, na povu linatafuta njia ya kutokea. Sabuni halisi ya mashine imetengenezwa isitoe povu. Kazi yake inafanywa na soda ya kufulia (soda ash), vimeng'enya vinavyokula wanga na protini, na silikati inayolinda glasi na vyuma.

Na sabuni zetu za maji? Hizi tunazopimiwa kwenye dumu zinapikwa kwa salfoniki na slesi, kemikali za kutoa povu, makusudi zitoe povu jingi, kwa sababu mteja wa kwetu akiona povu dogo anasema ameuziwa maji. Mtu anayekwambia "vijiko viwili tu" hajawahi kuishika sabuni ya Tanga. Amesoma mahali, akatafsiri, akapata wafuasi.

Sabuni ya maji na siki vilishaniumiza. Baada ya kuikausha mashine, nikarudi kwenye zile video nikaona wengine wanasema achana na sabuni ya maji, tumia soda ya kufulia peke yake. Nikajaribu na hiyo. Hapa nikiri kwamba wamekaribia ukweli. Soda ya kufulia ina nguvu kuliko bekingi soda, inakata mafuta, haitoi povu. Lakini kuna mambo mawili walinyamaza.

La kwanza ni maji. Mimi natumia maji ya kisima siku bomba likikauka. Mji wetu umekaa juu ya chokaa. Mapango ya Amboni ni chokaa, na visima vya karibu na bahari vinachimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Maji yake ni magumu, sabuni ya kipande haikolei, birika linaota ukoko mweupe ndani. Sasa ukiyakutanisha maji hayo na soda ya kufulia ndani ya mashine ya moto, ile chokaa inajitenga na maji na kutua kwenye vyombo. Glasi zangu zilitoka kama zimepakwa unga. Nimezilowesha kwenye siki, baadhi zimesafika, nyingi zimebaki na ukungu. Mwenye walima ameziona na hakuzitaka. Alikuwa na haki.

Ati dawa ya hilo ni "tia chumvi". Jamani! Chumvi ya mashine haiwekwi pamoja na sabuni. Mashine zenye kifaa cha kulainisha maji zina tundu lake chini, lenye kifuniko, na chumvi ya humo ni safi, ya chengachenga, ya kukihuisha kile kifaa. Chumvi yetu ya mezani ni laini, ina madini joto na mengineyo, na ukiimwaga ndani ya tangi inachokoza chuma kishike kutu. Fundi alipofungua chini alinionyesha vidoa vyekundu kwenye skrubu. Akaniuliza kwa upole, "Mama, umekuwa ukiilisha nini hii mashine?" Nilishindwa kumjibu.

La pili ni sufuria. Hapa ndipo ninapoumia. Lile sufuria la alumini mama alilipikia wali wa nazi tangu mimi sijaanza shule. Niliona nafasi imebaki, nikaliingiza na lenyewe. Kila aliyechemsha maharage kwa magadi anajua alumini inavyobadilika rangi. Soda inakula ule utando mwembamba unaolinda alumini. Sufuria lilitoka la kijivu cheusi, ukilishika mkono unachafuka. Nililijua hilo tangu utotoni, sikulikumbuka kwa sababu nilikuwa na haraka na nilimwamini mtu. Lakini yeye ambaye kazi yake ni kufundisha, sentensi moja ingemgharimu nini? "Usitie alumini." Maneno mawili.

Na sijafika kwenye baya kuliko yote. Chini ya video mojawapo, mtu ameshauri tia jiki kidogo uue wadudu, halafu malizia na siki kung'arisha. Watu wanamshukuru! Jiki na siki vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Ni sumu ya mapafu. Ndani ya sanduku lililofungwa lenye mvuke wa moto, kisha mama anafungua mlango na uso wake uko pale pale, na mtoto amesimama pembeni anasubiri kikombe. Hii si hadithi ya vyombo tena. Nimeandika pale mara mbili kutahadharisha, na mara zote mbili maneno yangu yamefutwa. Siki na jiki havichanganywi, iwe mashine, iwe choo, iwe beseni. Limau na ukwaju ni hivyohivyo, asidi ni asidi.

Hata ule mchanganyiko wa bekingi soda na siki mnaousifia kwa kuchemka, mnajua unabaki nini? Vikikutana vinamalizana nguvu. Kinachochemka ni hewa ile ile ya kwenye soda ya chupa, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi. Unatupa pesa.

Kwa anayeuliza basi afanye nini sabuni ikiisha: aoshe kwa mkono. Dodoki, maji ya moto, sabuni ya kipande. Mimi Jumamosi ile tulirudi kwenye mabeseni, na wale dada hawakulalamika hata neno moja, ndiyo maana mimi nalalamika kwa niaba yao. Kama ni lazima mashine, kwangua mabaki vizuri, tumia maji ya bomba au ya mvua, soda ya kufulia kijiko kimoja kwenye kikasha cha sabuni, bila alumini na bila sahani zenye mistari ya dhahabu. Iwe siku moja ya dharura, isiwe desturi.

Fundi anataka 60,000 ya kazi tu, vifaa mbali. Mpira wa mlango umelegea na pampu inapiga kelele. Wenye video zile nimewaandikia wote wafute au waongeze tahadhari, na hadi naandika hapa hakuna aliyejibu.

Mwenye kujua duka hapa Tanga au hata Dar linalouza mpira wa mlango wa mashine za vyombo, aniambie hapa chini. Na kama kuna anayeweza kulirudisha sufuria la alumini lililoungua kwa soda bila kulichubua, nitamshukuru sana. Ijumaa nina hitima ya sahani 80.