Majirani wa Muyeye, Malindi: hita inaangusha RCD

Mama Swaleh: Assalaam aleikum majirani. Hita ya lita 50 ya bafu la juu, nikiiwasha hukaa kama dakika kumi kisha RCD (ile swichi ya usalama kwenye bodi ya umeme) inaanguka, nyumba nzima giza. Nikizima swichi ya hita, umeme unakaa vizuri. Pia kile kivalvu cha chini kinadondosha maji. Ni ya kutengenezwa au ya kutupwa?

Fundi Karisa: Waaleikum salaam mama. Kwanza isiwashwe tena. Zima swichi kubwa ya nje ya bafu na breka yake kwenye bodi. RCD ikianguka maana yake umeme unavuja kwenda ardhini, na kwenye hita kinachoupitisha ni maji.

Fundi Karisa: Ingeanguka papo hapo ningeanza na waya. Ikingoja dakika kumi, mara nyingi ni elementi, kile chuma cha umeme kinachopasha maji. Ganda lake limepata ufa. Ikiwa baridi ufa umejibana, ikipata moto unapanuka na maji yanaingia ndani kwenye ule unga mweupe wa kuzuia umeme.

Mzee Omar: Pimeni kabla ya kununua. Breka ikiwa chini na tesa (kile cha kujaribia umeme) imethibitisha hakuna umeme, fungua kifuniko cha chini, chomoa nyaya mbili za elementi. Weka multimita kwenye ohm. Ncha kwa ncha, elementi ya wati 1500 kwa volti 240 husoma karibu ohm 38, ya wati 3000 karibu 19. Isiposoma kitu, imekatika. Halafu ncha moja na chuma cha tangi: hapo mita isisome chochote.

Athman: Shikamoo mzee. Na ikisoma kidogo, tuseme ohm 20,000?

Mzee Omar: Marahaba. Hiyo imekwisha. RCD ya miliampia 30 huanguka uvujaji ukishuka hadi kama ohm 8,000. Ikisoma 20,000 baridi, moto ukipanda itateremka tu. Na multimita ya betri ndogo yaweza kukudanganya. Ikisema nzima na RCD bado inaanguka, fundi aje na mega, mita ya kupima uvujaji kwa volti 500.

Mama Swaleh: Baba Swaleh amesema tuitoe hita kwenye RCD, iunganishwe na breka ya kawaida.

Mzee Omar: Hapana, mwanangu. Breka ya kawaida haioni umeme unaovuja kidogo kidogo. Itakaa juu huku mtu ameshika koki ya chuma na maji mwilini. Hilo lisifanywe hata kwa siku moja.

Fundi Karisa: Nashikilia hapo hapo na mzee. Sasa kuhusu kivalvu. Kudondoka wakati hita inapasha ni kazi yake. Maji lita 50 yakitoka nyuzi 28 hadi 60 yanaongezeka zaidi ya nusu lita, na hayawezi kurudi nyuma kwa sababu ndani kuna kizuizi. Kikidondosha hata hita ikiwa baridi, basi kuna mchanga au chokaa kwenye kiti chake, au pampu inasukuma kwa nguvu kupita kiasi. Inua kile kimkono mara tatu nne maji yatoke kwa kasi. Kisipokoma, badilisha.

Fundi Karisa: Kisizibwe kwa boliti wala kwa gundi. Themostati (ile inayozima hita maji yakifika joto lake) ikikwama na maji hayana pa kutokea, tangi hupasuka. Kifungie mpira uelekeze maji nje.

Bi Zuhura: Mama Swaleh, hita inakula maji gani? Ya bomba au ya kisima?

Mama Swaleh: Ya bomba. Yakikatika tunafungulia kisima, yote yanapanda tangi moja.

Bi Zuhura: Basi hata elementi mpya haitadumu. Maji ya bomba hapa Malindi yanatoka Baricho, kando ya Sabaki. Ya visima vyetu yanapita kwenye jiwe la matumbawe, kwa hiyo yana chokaa, na karibu na bahari yana chumvi juu yake. Hayo ni mambo mawili. Chokaa hujenga ukoko juu ya elementi, joto linashindwa kutoka, ganda linaungua. Ndiyo ile sauti ya kunguruma hita ikipasha. Chumvi yenyewe haijengi ukoko, inakula chuma.

Athman: Na siki inatoa vyote?

Bi Zuhura: Ukoko tu. Elementi ikiwa bado nzima, itoe, ilaze kwenye siki nyeupe usiku mmoja, uisugue kwa brashi ya nailoni. Tafadhali msitumie asidi ya betri, inatoboa ganda. Chuma kilicholiwa na chumvi hakirudi.

Fundi Karisa: Ndipo inapoingia anodi, na karibu kila nyumba ninayofungua hita hakuna aliyewahi kuiangalia. Ni kijiti cha magnesi ndani ya tangi, kimewekwa kiliwe badala ya tangi. Kikiisha, chumvi inahamia kwenye chuma cha tangi popote ukauri wa ndani, ule mpako unaokinga chuma, ulipopasuka. Kwa maji ya bomba kikaguliwe kila mwaka, kwa kisima kila miezi sita. Ukiona waya wa katikati umetokeza, au kimebaki chini ya nusu, weka kipya.

Mama Swaleh: Hita ina miaka minne, haijafunguliwa kamwe.

Fundi Karisa: Basi ikifunguliwa tuamue. Hatua ni hizi: funga koki ya maji baridi, fungua ya moto ili hewa iingie, inua kimkono cha valvu maji yatoke yote kwa mpira. Fungua nati za sahani ya chini ukiwa na ndoo, maana tope litamwagika. Nyingi zina elementi na anodi kwenye sahani hiyo hiyo. Kwangua tope lote, weka elementi, anodi na gasketi (mpira wa kuziba sahani) mpya, kaza nati kwa kukingamisha, kidogo kidogo, si moja mpaka mwisho. Jaza maji mpaka koki ya moto itoe bila kukohoa hewa. Hapo ndipo uwashe. Elementi ikiwaka tangi tupu huungua kwa dakika chache.

Mzee Omar: Themostati iweke 60. Chini ya 50 vijidudu vinakaa humo. Maji ya 60 yanaunguza mtoto kwa sekunde chache, kwa hiyo baridi ichanganywe kabla ya mtoto kuingia.

Athman: Ni lini useme basi, hita mpya?

Fundi Karisa: Maji ya moto yakitoka na kutu na ya baridi ni safi, au yakidondoka kwenye ganda la chini na si kwenye valvu wala sahani. Tangi la ndani limetoboka. Kuchomelea hakusaidii, moto unaunguza ukauri na litatoboka pembeni. Na hita mpya ikijaa ni kama kilo 70. Kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe boliti za kupanuka hulegea, tumia za kupita upande wa pili zikiwa na bamba nyuma, zisizoshika kutu.

Athman: Mimi nina ile ya kuoga inayopasha papo hapo, maji ni ya kisima.

Bi Zuhura: Angalia imeandikwa ya maji ya chumvi? Zile za maji matamu zina waya uchi ndani ya maji. Chumvi inapitisha umeme, utasikia mtetemo kwenye koki. Ya chumvi elementi yake imefunikwa. Na zote zinavuta kama ampia 23 kwa wati 5500, kwa hiyo waya wa milimita 4 angalau, 6 ukiwa mbali, breka yake peke yake, na eathi (waya wa kwenda ardhini) ya kweli.

Mama Swaleh: Na maji yangu ya kuchanganya nifanyeje?

Bi Zuhura: Weka tangi dogo la lita 200 juu, la hita peke yake, lijazwe na bomba tu. Kisima kibaki cha choo na kufua. Na mkifungua hita, niletee gasketi ya zamani na namba za kwenye kibandiko, kwa sababu sahani za lita 50 hazifanani zote.