Mchoro wa kadi uliokuja kuukuta kwenye picha ya kale: tupeane uzoefu

MgongoWazi:
Wakuu, salaam. Jana napekua kitabu cha wachoraji wa Kijerumani, nikakutana uso kwa kisogo na yule jamaa wa Caspar David Friedrich: kasimama juu ya mwamba, koti, fimbo mkononi, ukungu umetanda chini yake. Picha ya 1818 hivi. Nikasema huyu mbona namjua! Nina mchawi, mwindaji na malkia wa wafu kwenye kadi zangu za Magic, ule mchezo wa kupambana kwa kadi zenye picha, wote wametupa mgongo hivyo hivyo, joho linapepea. Sasa kila nikifungua pakiti naona visogo tu. Nyie picha gani iliwashtua?

Deki60:
Visogo nafuu. Ngoja uanze kuona mafuvu.

BrashiKavu:
Kwangu ni mashetani. Miaka yote nacheza Magic nilidhani wale pepo wenye midomo ya samaki na mbawa za popo ni ndoto mbaya za mchoraji fulani. Kumbe Mjerumani Martin Schongauer alishawachonga kwenye bamba la shaba miaka ya 1470! Wamemnyanyua Mtakatifu Antonio hewani, huyu kashika nywele, yule joho, mwingine kainua rungu, na mmoja ana miiba mwili mzima. Halafu nenda kwa mchoraji Grünewald, altare ya Isenheim iliyoko Colmar, utazame kona ya chini: mtu katuna tumbo, mwili mzima majipu. Wenye deki nyeusi, zile kadi za vifo na maradhi, mtamtambua mara moja.

Sanifu:
Kwa kifupi wanaiba. Joka lile lile, juu ya mlima ule ule, mbawa wazi, mdomo wazi. Tangu kadi ya Shivan Dragon aliyoichora Melissa Benson, seti ya kwanza ya Magic, mwaka 1993 tunauziwa mjomba yule yule kabadilisha rangi. Angalau kadi ya Stasis ilikuwa haifanani na kitu chochote kwenye seti ile.

MzeeWaPakiti:
Stasis ilichorwa na Fay Jones, mtu wa familia ya Richard Garfield aliyebuni mchezo. Yeye alikuwa mchoraji wa maonyesho, hakutokea upande wa majoka. Watoto tuliicheka sana ile kadi. Sasa hivi ndiyo naiweka juu ya zote.

BrashiKavu:
@Sanifu taratibu na neno wizi. Michelangelo akiwa kijana aliinakili hiyo hiyo ya Schongauer. Condivi, aliyeandika maisha yake mzee akiwa hai, anasema alikwenda soko la samaki kutazama mapezi na macho, akarudi akawapaka rangi mashetani wake.

Sanifu:
Basi na hawa wa kadi waende sokoni. Hawaendi. Wanatazama kadi ya jana wanachora ya kesho.

BrashiKavu:
Umewauliza?

Sanifu:
Nimewatazama majoka yao, inatosha.

DadaWaMtoni:
Samahani nitaandika refu, huu uzi umenifukulia jambo.

Kaka yangu mkubwa ni mchoraji. Aliwahi kupewa kazi na watengenezaji wa mchezo mmoja wa kadi (siutaji) achore mzimu wa mtoni: msichana kafa maji, anaelea chali, nywele zimetawanyika, viganja vimeelekea juu. Akaniangalia. Nilikuwa na nywele ndefu wakati huo, nikajua nimekwisha.

Akajaza hodhi la kuogea, akanivalisha gauni refu la kuazima, akasema lala, achama kidogo, usipepese. Maji mwanzoni yalikuwa vuguvugu. Sasa kaka akishaanza kazi hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Anapiga picha, anapanda kiti, anasogeza taa, anapiga tena. Gauni linanyonya maji, linanivuta chini, mimi nakaza shingo nisimeze. Mara anasema kidole gumba changu kinaonekana kizima mno. KIZIMA! Meno yananigongana, yeye anafurahi: "Hapo hapo, midomo sasa imeiva rangi." Imeiva nini, imegeuka zambarau!

Usiku ule homa. Kesho yake kifua kinakoroma, daktari akasema nimonia, nikalazwa. Mama akawa akimtengea kaka chakula bila kumtazama.

Picha alipoimaliza, haki ya Mungu, ilikuwa nzuri. Matete unaona kila mshipa wa jani, ua jekundu limenasa kwenye maji karibu na mkono, na uso wangu umetulia kama mtu aliyesamehe kila mtu. Kadi ikachapwa, ikaletwa nyumbani, nikaipokea kwa mikono miwili.

Wakuu, walikata. Fremu imenila kuanzia nywele hadi shingo. Limebaki ua, gauni, na kiganja kimoja. Nimelazwa kwa ajili ya kiganja.

Kibonge:
Nimelazwa kwa ajili ya kiganja 😂😂😂 mbavu zangu

MzeeWaPakiti:
Pole sana, dada. Ila yamekukuta ya mwenzio. Tazama Ophelia, yule msichana wa Shakespeare aliyekufa maji, picha ya John Everett Millais ya 1851 na 1852, iko jumba la sanaa la Tate Britain, London. Mandhari aliyachora nje ukingoni mwa mto, kisha majira ya baridi akamlaza Elizabeth Siddal, binti aliyemkalia achorwe, kwenye hodhi, kwa chini kaweka taa za mafuta kupasha maji. Taa zikazimika, Millais yuko na brashi yake, binti kanyamaza. Akaugua vibaya, baba yake akamdai mchoraji pauni 50 za matibabu. Na ua jekundu lipo pia.

DadaWaMtoni:
Subiri. Hodhi pia???

Sanifu:
Swali la msingi: kaka alikulipa?

Deki60:
Ndugu hawalipani bwana. Undugu ni kufaana, si kufanana.

DadaWaMtoni:
Na kwenye hiyo kadi hata kufanana hakukuwepo. Hakunilipa.

Kibonge:
Mdai. Baba wa Siddal alidai.

Deki60:
Mnavunja familia za watu kwa kadi.

Kibonge:
Familia ilivunjwa na hodhi.

MgongoWazi:
Jamani, mada. Picha za kale.

BrashiKavu:
Mbona ndiyo hiyo. Kadi ni milimita 63 kwa 88, na kwenye fremu ya kawaida picha haifiki nusu yake. Mpinzani aliyeketi ng'ambo ya meza anaiona kichwa chini. Kwa hiyo kinachotambulika haraka ni umbo: kisogo na joho, joka na mbawa wazi, malaika na upanga. Mchoraji Frank Frazetta alilijua hilo kwenye majalada ya vitabu. Yule mpanda farasi wake wa 1973, Death Dealer, hata ukimpunguza awe sawa na kucha bado unamtambua. Maiti anayeelea ni mlalo mrefu, kwenye kijisanduku kile lazima kitu kikatwe. Kaka alitakiwa kumchora akitazamwa kutoka juu.

Sanifu:
Hapo nakubali. Kwa joka sikubali.

Nyota7:
Mimi ni mgeni humu. Wale malaika wenye duara lenye nakshi nyuma ya kichwa wanatoka wapi? Nataka kujifunza kuwachora.

MzeeWaPakiti:
Kwa sehemu kubwa ni Alphonse Mucha, mchoraji wa mabango wa zamani. Tafuta Zodiac ya 1896: mwanamke kachorwa uso kwa upande, vito kichwani, duara la nyota nyuma. Yeye naye duara lile lina harufu ya picha za watakatifu kanisani. Ukimaliza tazama kazi za Rebecca Guay, mchoraji wa kadi za Magic, uone mtu aliyewaelewa wazee wale bila kuwabandika.

Sanifu:
Usimtazame Mucha. Kila mtu kamtazama. Tazama bundi akitua.

BrashiKavu:
Mtazame Mucha, umnakili mstari kwa mstari, kisha nenda kwa bundi.

Kibonge:
Usimtumie ndugu yako.

Nyota7:
Asanteni. Nina mdogo wangu hapa ana nywele ndefu…

DadaWaMtoni:
Mwambie adai pesa kwanza. Na maji ayapime mwenyewe.