Tupeane uzoefu: Tunailindaje migongo ya watoto wetu dhidi ya mabegi mazito ya shule?

Mama wa watoto wawili, Tabata, Dar es Salaam

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za leo. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo limeninyima raha tangu muhula uanze. Binti yangu yupo darasa la nne. Wiki mbili zilizopita, nilipokuwa nikimpaka mafuta kabla ya kulala, niliona alama mbili nyekundu mabegani, na ya kulia ilikuwa imechimba zaidi. Nilipomuuliza kama panauma, alinijibu, "Nimeshazoea, mama."

Kesho yake nilimpima akiwa hana begi, akawa na kilo 26, kisha nikampima akiwa na begi mgongoni, mizani ikasoma kilo 32 na nusu. Begi peke yake lilikuwa na kilo 6 na nusu, yaani robo ya uzito wake. Mimi nina kilo 72, kwa hiyo ni kama ningetakiwa kubeba kilo 18 kila asubuhi hadi kituoni, halafu nisimame nazo ndani ya daladala hadi mwisho wa safari.

Nilimwaga kila kitu mkekani. Zilitoka kauntabuku saba, vitabu vinne vya kiada, sweta, kontena la chakula na chupa ya maji ya lita moja na nusu, ambayo ni kilo moja na nusu kabla hata hujahesabu karatasi. Karibu nusu ya vitabu vile havikuwa kwenye ratiba ya siku hiyo. Binti yangu alinieleza kwamba mwalimu huweza kubadilisha kipindi, na asiye na daftari huchapwa. Ndiyo maana hubeba yote, kila siku. Wenzangu, mmefanyaje?

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Moshi

Pole sana dada, na umefanya vyema kuanza na mizani. Kipimo kinachopendekezwa mara nyingi ni begi lisilozidi asilimia 10 ya uzito wa mtoto, au 15 pale inaposhindikana. Kwa binti yako hiyo ni kilo 2.6, na mwisho kabisa kilo 3.9. India iliiweka asilimia 10 katika sera yake ya mabegi ya shule ya mwaka 2020, na watoto wa elimu ya awali hawatakiwi kubeba begi kabisa.

Wazazi wengi huniletea watoto wakihofia kwamba begi litaupinda uti wa mgongo moja kwa moja. Hakuna ushahidi thabiti wa hilo, na naomba hofu hiyo iwatoke. Kinachotokea ni kwamba mzigo humvuta mtoto nyuma, naye huinama mbele ili asianguke, hivyo misuli ya shingo, mabega na kiuno ikachoka na kuuma. Akilalamika ganzi mikononi, mikanda inambana mno. Vitabu vizito vikae upande unaogusa mgongo, mikanda yote miwili ivaliwe na kukazwa, na begi lisining'inie hadi makalioni. Lakini maumivu yanayomwamsha usiku, au yasiyoisha hata akiwa likizo, msiyasingizie begi. Mpelekeni hospitali achunguzwe.

Fundi wa viatu na mikoba, Kongowea, Mombasa

Mama, hiyo alama ya bega la kulia naijua. Mikoba mingi ninayoletewa muhula unapofunguliwa huwa imekatika mkanda mmoja tu, na ule wa pili ni mzima kama ulivyotoka dukani. Nikiona hivyo huwa namwambia mzazi kwamba mtoto wake anautundika mkoba bega moja, na mara nyingi mzazi hakuwa na habari.

Jambo jingine ni kununua mkoba mkubwa ili mtoto "akue nao". Mtoto wa gredi ya kwanza anavalishwa mkoba wa mtoto wa gredi ya sita, na kwa kuwa una nafasi, hujazwa. Mikanda iwe mipana na yenye sifongo ndani. Ikiwa mnao mkoba mkubwa tayari, mleteeni fundi aipunguze mikanda na ashone mshipi wa kufungia kifuani. Ni kazi ndogo, na mkoba hautayumba tena.

Baba, Nakuru

Sisi tulinunua begi la magurudumu. Njia yetu ni ya murram, na mvua iliponyesha magurudumu yalijaa tope, mtoto akalazimika kulibeba pamoja na vyuma vyake. Kwa barabara kama zetu, siwashauri.

Mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro

Nimesoma habari ya kubadilisha vipindi na imenigusa, kwa kuwa mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo bila kufikiria anayebeba gharama yake. Siku hizi tukibadilisha, tunawatangazia jana yake, na vitabu vya kiada vinabaki kabatini darasani, isipokuwa siku ya kazi ya nyumbani.

Naomba pia wazazi muzitazame hizo kauntabuku. Mtoto hupewa nene moja kwa kila somo, na kufikia Agosti nyingine zimeandikwa theluthi tu. Miezi yote hiyo anabeba karatasi tupu. Daftari jembamba, likijaa anunuliwe jingine, linatosha kabisa.

Mama wa watoto wawili, Tabata

Ahsanteni sana. Juzi nilikwenda kuonana na mwalimu wa darasa, nikamwonyesha vipimo nilivyoviandika, naye alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Amekubali vitabu vya kiada vibaki shuleni, na amesema watoto wanaweza kujaza maji bombani, hivyo chupa sasa ni ya nusu lita. Jana begi lilikuwa na kilo 3.4. Ijumaa bado linapita kilo 4 kwa sababu ya viatu vya michezo, na hilo sijalipatia dawa.

Ratiba nimeibandika mlangoni pa kabati lake. Jana usiku alinijia na kitabu cha Sayansi mkononi, akaniambia, "Mama, hiki kesho hakipo," akakirudisha rafuni mwenyewe.